KHUTBA YA IJUMAA: FUNDI WA CHUMA NA AMANA YA KIPIMO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ammaa baad.

Ndugu zangu Waislamu, ninakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu, msikitini na kazini. Leo tuzungumze juu ya watu ambao tunasikia nyundo zao na kuona cheche zao tukipita barabarani: mafundi wa chuma. Wako walioshika tupa wangali vijana, na leo ndevu zimekuwa nyeupe, bado wako kwenye kazi ile ile. Mtu kama huyo hujiuliza: miaka 40 ya moshi na grisi, nitakwenda nayo wapi mbele ya Mola wangu?

Kwanza, tujue heshima ya kazi hii. Katika Qur'ani iko sura yenye jina la chuma, Sura ya 57, Al-Hadid. Humo Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba ameteremsha chuma, ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Nabii Daud (a.s.) alikuwa mfalme, na Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba alikula kutokana na kazi ya mkono wake. Sahaba Khabbab bin Al-Aratt (r.a.) alikuwa mhunzi wa panga pale Makka. Na Mtume (s.a.w.) alipopata mwanawe Ibrahim, mtoto huyo alinyonyeshwa katika nyumba ya mhunzi, Abu Saif, nyumba iliyojaa moshi wa mvukuto. Wako wanaoshika ile hadithi ya muuza miski na mvuta mvukuto wakaidharau kazi ya uhunzi. Ule ni mfano wa rafiki mwema na rafiki mwovu, haukuja kuwatukana mafundi. Mtume hakuona haya kuingia nyumba ya Abu Saif na kumbeba mwanawe humo.

Pili, na hili ndilo neno la leo: kipimo. Katika Sura Sabaa, aya ya 10 na ya 11, tunaambiwa kwamba Daud alilainishiwa chuma, kisha akaamrishwa atengeneze deraya kamili na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Zingatieni, ndugu zangu. Chuma kimelainika mkononi mwake kwa muujiza, na bado anaamrishwa apime! Muujiza haukumwondolea kipimo. Wako wafasiri wanaoeleza kwamba msumari wa pete ukiwa mnene hupasua pete, ukiwa mwembamba hulegea. Deraya ikilegea, mshale unapita, na anayekufa ni yule aliyeivaa.

Mambo hayo yako kwetu hapa. Shafti ya mashine ya kusaga mihogo, pale inapokaa beringi, hukerezwa kwa kipimo cha sehemu chache za mia za milimeta, pengine chini ya unene wa unywele. Ikipungua, beringi inazunguka ovyo, inapata moto, inavunjika, na mama mwenye kinu anapoteza riziki ya wanawe. Au tazameni chuma cha lori kilichopasuka. Fundi mwaminifu huuchimba ufa mpaka mwisho wake, husafisha, ndipo anachomea. Mwingine hupitisha moto juu juu, anasugua kinang'aa, anapaka rangi, anapokea makuta yake. Mwenye lori haoni kitu. Lakini sisi wa Kamanyola tunaujua mteremko wa Ngomo. Lori likishuka kutoka upande wa Bukavu na mizigo, na watu wamekaa juu ya mizigo, ufa ule utafunguka pale. Watu watasema ni ajali, au ni uchawi. Mwenyezi Mungu anajua kilicho chini ya rangi.

Kipimo cha tatu ni cha mwenye kutengenezewa. Khabbab (r.a.) alimfanyia kazi Al-As bin Wail. Alipokwenda kudai ujira wake, akaambiwa hatalipwa mpaka amkane Muhammad. Akakataa kabisa. Al-As akafanya mzaha kwamba atalipa siku ya kufufuliwa, huko atakapokuwa na mali na watoto. Zikashuka aya katika Sura Maryam kumjibu. Basi, ewe unayechukua kitu chako kwa fundi na kumwambia rudi kesho, rudi Ijumaa ijayo, jihadhari usifanane na Al-As. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Mwisho, ninawaambia wazee wa kazi hii. Katika bonde letu la Ruzizi tuliona kiwanda cha sukari cha Kiliba kikisimama katika miaka ya 1990. Kiwanda kikisimama, mashine hushika kutu mahali pake, lakini elimu iliyo mkononi mwa fundi inatoka naye na kuhama naye. Kitu pekee kinachoizika ni fundi kufa bila kuwa amefundisha. Usimfiche kijana kipimo kwa kuogopa atakunyang'anya wateja, wala usimfanye mtumwa wa kufagia miaka mitatu bila kumwonyesha kitu. Mtume (s.a.w.) ametuambia kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo matatu, na moja ni elimu yenye kunufaisha. Kila shafti atakayoikereza kijana wako kwa haki, nawe umo kaburini, tunataraji ujira wake utakufikia. Miaka 40 ya moshi haikupotea, ikiwa kipimo kilikuwa cha kweli.

Ewe Mola wetu, wabariki mafundi wetu, walinde macho yao na mikono yao, walinde wasafiri wa barabara zetu, na utujaalie riziki ya halali. Amin.

Aquulu qauli haadha wa astaghfirullaha lii walakum.