Chakula cha Mchana Bradley

Twende California, Marekani. Kati ya 2002 na 2025, karibu kila Juni, msafara wa baiskeli wa AIDS/LifeCycle uliondoka San Francisco kuelekea Los Angeles, takriban kilomita 877 kwa siku 7, ukichangisha fedha za huduma kwa watu wenye VVU.

Njiani palikuwa na vituo vya kupumzika. Mtu akishuka, miguu inatetemeka, shati limeganda chumvi mgongoni. Waliojitolea walijaza chupa za maji, wakagawa ndizi na vitafunwa vya chumvi. Chumvi hiyo ina kazi: jasho hutoa sodiamu mwilini, na anayekunywa maji matupu kupita kiasi anaweza kupata kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata kuzirai.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Bradley, kijiji kidogo chenye shule ndogo. Wanajamii waliwasha majiko, wakachoma nyama na kuwauzia wageni baga. Mapato yakaenda kwenye shughuli za wanafunzi.

Wapanda baiskeli, ambao tayari walikuwa wamechangisha kwa ajili ya wagonjwa, wakapanga foleni juani, pochi mkononi, kuwachangia na watoto wa Bradley.