Kiebrania Kinaporudi kwa Wimbo

Vijana wengi wa Kiyahudi nchini Marekani hukutana na Kiebrania utotoni. Hujifunza herufi zake 22, zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, ili waweze kusoma Torati katika sinagogi wafikapo miaka 12 au 13. Baadaye lugha husahaulika. Chuoni, siku hujaa mihadhara, mitihani na vibarua vya jioni.

Mara nyingi muziki ndio humrudisha mwanafunzi kwenye lugha hiyo. Apigaye gitaa au kuimba kwaya huona kwamba mahadhi hushika silabi na kiitikio hunyoosha matamshi, hata maneno yakakaa kichwani zaidi kuliko yalivyokaa kwa sarufi tupu.

Njia hiyo ni ya kale. Kati ya karne ya 7 na ya 10, wanazuoni wa Kiyahudi wa mji wa Tiberia waliziwekea herufi alama za irabu na za kughani Maandiko. Kusoma na kuimba vikawa kazi moja. Hata Kiebrania cha mazungumzo, kilichopiganiwa kifufuliwe na Eliezer Ben-Yehuda aliyehamia Jerusalem mwaka 1881, kilienezwa pia kwa nyimbo. Mashairi ya washairi wa Kiebrania Bialik na Rachel yalitiwa muziki, yakaimbwa na wakubwa kwa wadogo.

Basi aliyesahau lugha ya utotoni, iwe Kiebrania au ya bibi yake, asikate tamaa. Achague wimbo mmoja, auimbe kila asubuhi kabla ya darasa, kisha atafute maana ya kila neno. Lugha hurudi kwa anayeitumia.