Pazia la Kombi na neno "sina"



Nyumbani kwetu Bugomora, wilaya ya Kyerwa (zamani sote tukijiita watu wa Karagwe, hadi wilaya ilipogawanywa mwaka 2012), nyuma ya nyumba ya mama, katikati ya migomba, kuna Kombi isiyotembea. Marehemu baba aliinunua ikiwa imekwishatumika sana, akabebea kahawa na abiria kwenda Kayanga, mpaka injini yake iliyo nyuma ilipokufa mwaka 2001. Tangu hapo kuku ndio waliokuwa wakitaga humo. Mwaka 2023, nikiwa likizo kutoka Dar es Salaam ninakofundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, niliamua kuifufua. Si kwa kuitembeza, bali kuifanya kijumba cha kupumzikia.

Wazo halikuwa langu. Wajerumani walianza kutengeneza gari hili mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuweka ndani yake kitanda na kabati, ili mtu asafiri na nyumba yake. Ya mwisho ilitoka kiwandani Brazil mwaka 2013. Huko Ulaya wapo wanaozinunua zikiwa kuukuu, wakazipamba na kukaa ndani yake jioni kunywa chai, bila kwenda popote. Basi mwalimu wa dini wa kutoka Kyerwa naye akaingiwa na hamu hiyo hiyo!

Seremala wa kijijini alinitengenezea benchi la mbao za mkaratusi linalofunguka likawa kitanda. Nikapaka rangi ya maziwa ndani, nikafunga taa ya sola na rafu ya vitabu, na kwenye madirisha nikatundika mapazia ya kijani yenye maua, niliyoyanunua Kariakoo kwa shilingi 45,000. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda mwenyewe kukata nyasi mbichi akazitandika sakafuni, kama zilivyotandikwa katika misonge ya bibi zetu alipotarajiwa mgeni. Harufu ya nyasi zile, kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, mvua ikigonga bati juu ya kichwa na kitabu mkononi! Sioni haya kusema kwamba nilifurahi.

Siku moja baada ya Alasiri alikuja mzee mmoja wa msikitini kwetu. Akaingiza kichwa, akatazama huku na huku, akasema: "Mwalimu, majamvi ya msikiti yametoboka, nawe unalivisha gari bovu mapazia?"

Nilimkaribisha aketi, nikamjibu kisomi. Nikamtajia Surat Al-A'raf, aya ya 31 na 32, ambamo tunaamrishwa kuchukua mapambo yetu na kukatazwa israfu, kisha wanaulizwa hao walioharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Nikamtajia na yule mtu aliyempenda Mtume (SAW) akahofu kwamba kupenda nguo nzuri na viatu vizuri ni kibri, akaelezwa kwamba Mwenyezi Mungu anapenda uzuri. Mzee alinisikiliza, akatafuna kahawa yake taratibu, akasema: "Hayo nayajua, mwanangu. Sikukuuliza kama ni haramu."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Sisi tuliosoma tuna ugonjwa wa kudhani kwamba swali likishapata hukumu limekwisha. Pazia ni halali, basi, tupite. Lakini mbona moyo haukutulia?

Nilikumbuka kisa cha Bibi Aisha (r.a.), aliyetundika nyumbani pazia lenye picha. Mtume (SAW) aliporudi kutoka safari hakulipenda, akaliondoa. Wanazuoni wanalieleza zaidi suala la picha, na ni haki yao. Mimi nilishikwa na jambo dogo: kitambaa kile hakikutupwa. Kilikatwa, kikafanywa mito ya kuegemea. Kikatoka ukutani kikaenda chini ya kiwiko cha mtu.

Nikatazama mapazia yangu, ndipo nikakumbuka. Wiki ile ile niliyoyanunua, dada yangu alinipigia simu. Mwanawe anaanza darasa, hana sare wala madaftari. Alihitaji shilingi 30,000. Nikamwambia: "Dada, kwa sasa sina." Na mapazia yakiwa ndani ya mfuko wa plastiki, miguuni pangu!

Wapo watakaosema dawa ni kuuza Kombi kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Sikubaliani nao. Kukaa mahali pabaya si sadaka. Tunawajua matajiri wanaoishi kama wafungwa na mkono wao hauachii hata mia. Wala wasomaji wa mjini msinicheke: ni sebule ngapi zina kabati la vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai? Kombi yangu angalau inakaliwa. Surat Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu wanaotumia bila kupita kiasi wala kufanya ubahili, wakawa katikati. Mimi, kwa siku moja, nilikuwa pande zote mbili: mfujaji kwangu, bahili kwa dada.

Na lile pazia lingeweza kuwa la shilingi 5,000, mambo yasingebadilika. Katika hadithi ile ile ya nguo nzuri, Mtume (SAW) alieleza kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Dada alikuja na haki ya udugu. Nami sikuikataa kiume, kwa kumwambia kwamba nimechagua maua ya kijani. Niliikataa kwa neno lililoniacha nikionekana mnyonge wa kuhurumiwa.

Nilinunua jamvi moja la msikiti. Fedha za dada nilizituma siku iliyofuata, ingawa shule zilikuwa zimefunguliwa muda mrefu na mtoto alikuwa ameanza na sare ya kuazima. Akanipigia kunishukuru: "Mungu akuzidishie, kaka. Nilijua tu siku ile hukuwa nacho."

Mpaka naandika haya sijamwambia. Yeye hasomi gazeti hili. Shemeji analisoma kila wiki.