Mfunge Kuku Mgeni Kamba

Mwanangu, ujumbe wako nimeusoma. Unasema leo saa sita usiku utaibadilishia anwani ile ruta ya Kigoma ukiwa hapa hapa Dar es Salaam, na kwamba ni mstari mmoja tu. Nilivua miwani nikakaa kimya kidogo. Hayo maneno "mstari mmoja tu" nimeyasikia mara nyingi, na mara ya kwanza yalitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Sikugombezi, umri wa kugombeza umenipita. Nisikilize tu.

Nilikuwa kijana kama wewe. Tawi moja la ofisi yetu, huko huko Kigoma, lilikuwa linabadilishiwa laini, kwa hiyo anwani ya nje ya ruta ikabidi ibadilike. Nikaandika mistari yangu pembeni, nikaibandika yote kwa mpigo, wa mwisho ukiwa amri ya kuhifadhi. Kile kijistari kinachopepesa kikaganda. Nikagonga herufi, haikutokea. Nikagonga nyingine, kimya. Anwani nilikuwa nimeiandika sawasawa. Nilichosahau ni njia ya kutokea. Ruta ilikuwa bado inaelekeza kila kitu kwenye geti la zamani, ambalo kwa anwani mpya halikufikika tena. Hodi yangu ilifika mlangoni, mwenyeji akawa hajui apitie wapi kuitikia.

Nikampigia simu askari wa zamu, nikamwomba achomoe waya wa umeme, ahesabu hadi thelathini, achomeke tena. Maskini, alihesabu kwa sauti. Ruta ikaamka na kosa lile lile, maana nilikwisha kulihifadhi. Mawasiliano yalikatika, lakini ile mistari ilikuwa imeshafika kule, na ruta ikaitekeleza yote hadi wa mwisho.

Basi nikapanda treni ya Reli ya Kati, kilomita 1,200 na ushei. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika mbili: waya bapa wa bluu wa konsoli, kasi 9600, mstari mmoja. Karani aliyekuwa akiandika risiti kwa kalamu siku zote hizo akaniangalia, akauliza, "Ndiyo hiyo tu?"

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Anwani mpya ni kuku mgeni huyo, na ncha ya kamba usiishike wewe, kwa sababu wewe ndiye utakayefungiwa nje. Ishikwe na ruta yenyewe.

Ruta yako ni Cisco. Kwanza hifadhi hali ya sasa inayofanya kazi, kwani huenda mwenzio alirekebisha kitu wiki iliyopita na hakukihifadhi. Kisha andika "reload in 10". Hapo umeiambia: dakika kumi zikiisha na mimi sijarudi kukuzuia, jizime ujiwashe, urudi kwenye yale yaliyohifadhiwa. Tumia "in", usitumie "at" na saa kamili. Ruta inaweza kudhani tuko mwaka mwingine kabisa. Ndipo ubadilishe. Ukikatika, usihangaike, ngoja. Ukifanikiwa kuingia upya kwa anwani mpya, andika "reload cancel", halafu ndipo uhifadhi. Ukihifadhi mapema umemkata kuku kamba, na ruta itajizima na kujiwasha bure kama ile ya askari wangu. Nawe ukiagiza hiyo "reload" baada ya kuanza kubadilisha, itakuuliza kama ihifadhi mabadiliko. Mkono usikuponyoke ukajibu ndiyo.

Wenzetu wa Juniper wana "commit confirmed", ambayo usipoithibitisha ndani ya dakika kumi inarudisha ya zamani yenyewe. MikroTik nayo ina hali ya usalama, inayofuta ulichofanya kikao kikikatika. Vijana wengi wanaitumia MikroTik kila siku bila kuigusa hiyo hali, sijui kwa nini.

Kabla ya yote hayo, kaa na karatasi ujiulize nani mwingine anaijua anwani ya zamani. Hiyo njia ya kutokea. Orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kuisimamia ruta. VPN ya makao makuu, ambayo upande wa pili bado unaitafuta anwani ya jana. Na kama kiungo ni cha ncha mbili, maski 255.255.255.252, kina nafasi ya vifaa viwili tu, na vyote viwili lazima vihame. Anza na upande wa mbali. Ukianza na huu wa hapa, utaufikiaje ule?

Usidhani haya ni ya wanyonge. Tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, WhatsApp ilinyamaza hadi usiku wa manane. Amri moja ya matengenezo ndani ya Facebook, wenye WhatsApp, iliuangusha uti wa mgongo wa mtandao wao, na zana za kuutengeneza nazo zilikuwa zinautegemea mtandao ule ule. Mafundi ikabidi waende kwa miguu yao hadi kwenye vituo vya data. Ndiyo maana nimekuwa nikiomba bajeti ya modemu yenye laini ya simu, iunganishwe kwenye konsoli ya kila tawi. Bei yake haifiki nauli na posho ya safari moja, lakini nikiomba naambiwa mwakani.

Kwa hiyo leo usiku fanya hivyo, na karatasi uwe nayo mezani. Ukishaizuia ile saa na kuhifadhi, nitumie ujumbe, nitausoma asubuhi. Kijistari kikiganda, chemsha chai. Usinipigie simu kabla dakika kumi hazijaisha, na uongeze tano za ruta kuamka.