Mizani Anaiona Nani?

Habari za teknolojia zinazotufikia, ziwe zimetoka Marekani, China au Dar es Salaam, karibu zote huishia kwenye ushauri uleule: kampuni ikikuudhi, ihame. Simu haikai na chaji, nunua ya kampuni nyingine. Laini inakula salio, badili mtandao. Programu inachungulia mambo yako, ifute. Mteja ni mfalme, akinuna tu soko zima linatetemeka. Ushauri huo hutolewa na watu wanaoishi penye maduka kumi ya kila kitu. Usomee Nyarugusu, Geita, umesimama juu ya kifusi cha marudio ya machimbo kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika, uone kama hutacheka peke yako.

Sidharau hasira ya mteja. Ila ukanda wetu huu, kuanzia Mwadui na Kahama kupitia Katoro hadi Geita mjini, umeishi na kampuni kubwa kwa muda mrefu. Mwadui ilianza mwaka 1940, mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, alipoipata almasi. Mgodi wa Geita ukaanza mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata. Watu wa huku wamechimba, wameuza, wamehamishwa, wengine wamelipwa na wengine bado wanadai. Kwa hiyo wana namna yao ya kuipima kampuni, na haianzii kwenye tangazo wala kwenye bei. Wanataka kwanza kujua mizani iko wapi na nani anaruhusiwa kuitazama.

Chukua biashara ya duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, ilivyokuwa kabla ya masoko ya madini. Mchimbaji mdogo ana nguvu na leseni ya mtu mwingine, hana mtaji. Anakuja mfadhili: analeta unga na maharage, dizeli ya jenereta, baruti, matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke. Jiwe likitoka, likapita kwenye karasha, likaoshwa, likakamatwa kwa zebaki na kuchomwa, kile kidonge cha manjano kinachobaki tayari kina mwenyewe. Mfadhili ndiye mnunuzi wa kwanza. Mizani ni yake, imo kwenye begi lake. Gramu na pointi anasoma yeye, na bei ya dunia anaileta yeye kama habari ya msiba, kwamba leo imeshuka. Mchimbaji huyo alikuwa huru kabisa kisheria kuuza kwa mwingine. Uhuru huo ulimsaidia nini?

Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, wiki chache baada ya serikali kuwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Wanunuzi wakawekwa chini ya paa moja. Dhahabu inapimwa mbele ya afisa wa Tume ya Madini, ubora wake unasomwa na mashine, bei elekezi inajulikana, mrabaha unakatwa palepale na risiti inatoka. Sitaki kulipamba soko lile. Dhahabu bado inatembea usiku, na mfadhili hajaenda popote, maana unga na dizeli bado vinahitajika. Lakini leo mtu akiona bei ya dirisha hili haimridhishi, anaweza kusogea dirisha la pili na kidonge chake mkononi. Uwezo wa kuchagua ulianza pale mizani ilipowekwa mezani kila mtu akaiona, na haikuwekwa na mchimbaji aliyenuna. Iliwekwa kwa amri ya serikali, baada ya wachimbaji kupiga kelele miaka mingi.

Sasa irudie simu iliyo mfukoni mwako kwa jicho hilo. Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu zote bandia nchini. Wiki zile kila mtu alikuwa akibonyeza *#06#, ananakili tarakimu kumi na tano, anazituma kwenda 15090 na kusubiri majibu kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Mama mmoja dukani Kahama aliambiwa simu yake ni feki, itazimika. Akamuuliza kijana wa duka, "Sasa mayu wako ningejuaje? Ulinipa boksi, ulinipa na karatasi." Hakujibiwa. Alikuwa amechagua, tena kwa makini, amelinganisha bei maduka matatu. Kitu pekee ambacho hakuwa nacho ni njia ya kupima alichouziwa, na njia yenyewe ilikuwa rahisi: tarakimu zile na ujumbe mmoja wa maandishi. Iliwafikia wanunuzi wengi wakati hukumu iko mlangoni.

Vifurushi navyo nisivipite kimya. Aprili 2021 kanuni mpya zilipoanza kutumika, watu waliamka wakakuta fedha ileile inanunua data kidogo kuliko jana. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ilisimamisha mabadiliko yale na bei za awali zikarudishwa. Wapo waliosema wateja wameshinda. Ningekubali, kama wateja wangeshinda kwa kuhama. Wangehamia wapi, bei zimepanda mitandao yote asubuhi moja? Walishinda kwa sababu waliokasirika walikuwa wengi, kwa wakati mmoja, na walimkasirikia mtu mwenye uwezo wa kupiga simu moja.

Jambo lililonitia uchungu zaidi ni mikopo ya mtandaoni. Siku moja ujumbe uliingia kwenye simu yangu ukisema kwamba fundi pikipiki mmoja ninayemfahamu ni tapeli anayekimbia deni, kwamba mimi ni mdhamini wake, na kwamba asipolipa kabla ya jioni picha yake itasambazwa kwa watu wote anaowajua. Sijawahi kumdhamini mtu yeyote. Namba yangu ilichotwa kwenye simu yake alipokubali programu ile isome orodha ya majina. Alikuwa ameomba shilingi elfu thelathini, akapokea pungufu kwa sababu makato yalitangulia, na akapewa siku saba arudishe zaidi ya alizoomba. Ujumbe kama wangu ulikuwa umefika kwa mkwe wake, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mteja aliyemwachia pikipiki siku ile. Yule mteja alikuja kuchukua pikipiki yake kabla haijatengenezwa.

Washauri wa "ifute" wana la kumwambia fundi huyu? Aliifuta. Majina ya watu mia mbili yalishaondoka. Hata mfadhili wa duara, pamoja na ubaya wake wote, anadai kwa kuja mwenyewe, mkagombana mbele ya mama lishe, mkamalizana. Huyu wa simu hana uso wala kijiji, na mizani yake, yaani riba halisi na kile anachokichota, imefichwa nyuma ya kitufe cha "kubali". Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, ikawaonya wananchi wazikwepe. Nchi tayari ilikuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume ya kuisimamia. Naisifu orodha ile. Ila kwa fundi aliyekwisha kudhalilika mbele ya mkwe, orodha inayofika baada ya tukio ni sawa na kuambiwa jina la nyoka aliyekuuma.

Upande wa pili wa simu sisi wa huku tuna kauli ambayo wengine hawana. Ndani ya kila simu ya kisasa mna dhahabu kidogo, makadirio ya kawaida ni kama gramu 0.03, kwenye viunganishi na bodi ya saketi, kwa sababu dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, ile yenye majina ya Dodd na Frank, kifungu cha 1502, inazitaka kampuni zilizo kwenye masoko yao ya hisa zieleze kila mwaka kama bati, tantali, wolframu na dhahabu ya bidhaa zao vimetoka Kongo au nchi inayopakana nayo. Tanzania inapakana na Kongo kwa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo dhahabu ya Nyarugusu imo kwenye fungu hilo hilo linalotiliwa shaka, ingawa huku hakuna vita.

Nia ilikuwa njema: mnunuzi wa simu kule Chicago asimlipe mwenye bunduki kule Walikale, Kongo. Utekelezaji ukawa mwingine. Mwaka huohuo wa 2010, mwezi Septemba, Rais Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na hata baada ya kuruhusiwa tena wanunuzi wengi hawakurudi. Wachimbaji wa huko wakaiita sheria ya Obama, na hawakuwa wakiisifu. Kwa kampuni inayoogopa kuulizwa maswali, jibu rahisi kuliko yote ni kuondoka.

Siku hizi jibu hilo limevaa nguo safi. Apple, kwa mfano, ilijiwekea lengo kwamba kufikia 2025 dhahabu yote inayopakwa kwenye bodi za saketi inazozibuni yenyewe iwe ya kurejelewa. Mazingira yananufaika, siwezi kubisha, na mteja analala usingizi. Lakini dada anayeosha mchanga Lwamgasa, Geita, mikono mitupu ndani ya beseni lenye zebaki, hapati chochote kwa usafi huo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu Tanzania, yakiwemo ya Geita na Shinyanga, nayo ilieleza zebaki inavyochomwa bila kinga karibu na watu. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki. Kifaa cha kuchomea kinachouzuia mvuke usitoke hakihitaji maabara ya California. Mafundi wa kuchomelea wa Katoro wanaweza kukitengeneza. Ningemheshimu zaidi mtengeneza simu anayesema: nanunua huku, nalipa bei ya soko la Geita, na hiki hapa kifaa. Huyo angekuwa na la kuonyesha. Anayekwepa anatuonyesha tu mikono iliyonawa.

Na tusijidanganye kwamba ufichaji huu wa mizani uliletwa na kampuni za simu. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, kusafirishwa nje, makontena 277 yakakwama bandarini. Kamati ya Profesa Mruma ikasema dhahabu iliyomo ni nyingi mno kupita ile iliyotangazwa, Acacia, iliyokuwa na mgodi wa Bulyanhulu, ikakanusha, kampuni ikadaiwa kodi na faini za dola bilioni 190 za Marekani. Oktoba 2019 Barrick, mmiliki wa Acacia, na serikali wakafikia mapatano: dola milioni 300, kampuni ya pamoja ya Twiga na hisa asilimia 16 kwa nchi. Mapatano yenyewe nayaona yana faida. Ila mkazi wa Kakola, jirani na Bulyanhulu, aliyeyaona malori yakipita mbele ya nyumba yake miaka yote, alisikia namba mbili zinazopishana kama mbingu na ardhi, kisha akasikia ya tatu, na hakuna aliyemweleza zilivyopimwa.

Mwadui ni hadithi fupi na nzito zaidi. Almasi yake ya waridi iliyopatikana mwaka 1947 ilikuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Mei 2021 Petra Diamonds, iliyokuwa ikimiliki sehemu kubwa ya mgodi, ilikubali malipo ya pauni milioni 4.3, bila kukiri kuwajibika, kufuatia madai ya watu wa vijiji vya jirani kwamba walinzi waliwapiga na kuwajeruhi, wengine hadi kufa. Wavaa pete hawakuwa na habari. Wanakijiji ndio walioifikisha kampuni kwa mawakili wa London.

Nayasema haya sasa kwa sababu Kahama inajiandaa kupokea wageni wengine. Mgodi wa Buzwagi ulifika mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, na eneo lake limepangiwa kiwanda cha kusafisha nikeli ya Kabanga, kutoka Ngara, nikeli inayotakiwa kwenye betri za magari ya umeme. Tutaletewa lugha mpya: nishati safi, ugavi wenye maadili, betri ya kijani. Mnunuzi wa gari Oslo ataambiwa kila kitu kimepimwa. Kuna Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji ya mwaka 2015 inayomtaka waziri achapishe mikataba ya madini, mafuta na gesi. Ninachotaka ni kwamba mkataba wa kiwanda hicho, pamoja na namba za nikeli inayoingia na inayotoka, ubandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kata ya Mwendakulima, kwa herufi za ukubwa wa kusomeka bila miwani, kabla lori la kwanza halijafika.