Je, Yafaa Mkristo Kumtunga Mtu Mwovu?

Vijana wetu siku hizi hutunga michezo na kuipiga picha kwa simu, na wengine wanatamani kuifanya kazi hiyo iwe riziki yao. Swali wanalotuletea ni hili: Mkristo akimtunga mlevi na mzinzi, akamtia maneno matamu kinywani, je, atahesabiwa dhambi? Wako wazee wanaojibu upesi kwamba michezo yote ni uongo. Jibu hilo halitoshi. Nabii Nathani alimsimulia Daudi kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake. Tajiri huyo hakuwako, wala kondoo hakuwako, lakini hatujasikia mtu akimwita Nathani mwongo. Na Bwana wetu alipofundisha kwa mifano alimweka ndani yake wakili dhalimu, na kadhi asiyemcha Mungu.

Basi tumtazame mtu mmoja aliyeifanya kazi hii kwa makusudi. Miguel Sabido ni mtu wa Mexico, mwandishi na mwongozaji wa michezo ya jukwaani na ya televisheni. Mwaka 1969 huko Peru ulianza kuonyeshwa mchezo mrefu uitwao Simplemente María, habari za msichana wa shamba aliyekwenda mjini kuwa mtumishi wa nyumbani, akajifunza kusoma na kushona, hata akafanikiwa. Nia ilikuwa kuwafurahisha watazamaji tu. Kumbe watumishi wa nyumbani wakamiminika kwenye madarasa ya kusoma na kushona, na cherehani za Singer zikanunuliwa kwa wingi! Sabido akajiuliza: kama haya yametokea bila kukusudiwa, yakikusudiwa je? Mwaka 1975 akatoa Ven Conmigo, mchezo wa kuwavuta watu wazima wajifunze kusoma. Mchezo ulipoonyesha mahali pa kuchukua vitabu bure, watu walikwenda kwa maelfu hata magari yakakwama katika barabara za jiji la Mexico. Sisi tuliofundisha kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, tukiwabembeleza wanafunzi waje chini ya mwembe, hatuna budi kumwonea wivu kidogo.

Kanuni yake yaelezeka kwa maneno machache. Wawepo watu wema, wawepo waovu, na katikati wawepo wanaositasita, ambao msikilizaji atajiona ndani yao. Mwovu apate hasara ya uovu wake, lakini si mara moja, maana hata maishani hasara haiji mara moja.

Kanuni hiyo ilifika kwetu. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa "Twende na Wakati", juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake njiani kote, na mkewe Tunu, aliyevumilia hata akachoka, akaanza kujitegemea kwa biashara ndogo. Fundi Mitindo, mshona nguo, na mkewe Mama Waridi walikuwa watu wa kujifunza polepole, kama wengi wetu. Mwishowe Mkwaju alikufa kwa UKIMWI. Sisi wa Mpanda, tulio mwisho wa reli na tuliotegemea malori kwenda Sumbawanga, hatukuhitaji kuelezwa dereva wa namna hiyo yukoje.

Hatari iko wapi? Iko katika moyo wa msikilizaji, ambao mtunzi hautawali. India, mwaka 1984, ulianza mchezo wa televisheni uitwao Hum Log, ulioandikwa na Manohar Shyam Joshi kwa kufuata njia hiyo ya Sabido. Mama wa nyumba ile, Bhagwanti, aliyenyamazia kila dharau, aliwekwa ili awe onyo. Watazamaji wengi wakamwona ni mke mwema wa kuigwa. Vivyo hivyo Mkwaju aweza kumfundisha kijana ujanja badala ya hofu.

Hata hivyo twaona kwamba kumtunga mwovu si dhambi. Dhambi ni kumpa mwovu nafasi yote, na aliyedhulumiwa asipewe kitu. Soma tena kisa cha Nathani (2 Samweli 12). Tajiri hapewi maneno mengi. Nathani anakaa na yule mwana-kondoo, jinsi alivyokula tonge la maskini, akanywea kikombe chake, akalala kifuani pake. Ndipo Daudi akakasirika. Kijana anayeandika vichekesho vya mlevi atuonyeshe pia mke wa mlevi akihesabu unga uliobaki.

Tena Nathani hakuficha nia yake mpaka mwisho. Alimfunulia Daudi kwamba kisa kilimhusu yeye. Katika Hum Log pia, kila sehemu ilipokwisha, mwigizaji mzee Ashok Kumar alitokea na kuwaeleza watazamaji wayafikirie waliyoyaona. Hili twalisifu. Kumgeuza mtu moyo pasipo yeye kujua ni karibu na wizi, hata ukimgeuza kuelekea wema.

Liko jambo jingine, gumu zaidi. Tangu 1993 hadi 1995 "Twende na Wakati" haukutangazwa na mtambo wa Dodoma. Haikuwa ajali. Wataalamu walitaka pawepo mahali pasiposikia mchezo, ili wapalinganishe na mahali palipousikia na kujua kama wasikilizaji wamebadilika kweli. Mwaka 1995 Dodoma nao wakaanza kuusikia. Miaka hiyo ndiyo tuliyozoea nchini kuzika vijana, na dawa hazikuwapo. Wataalamu watasema kwamba mwaka 1993 hakuna aliyekuwa na hakika kama mchezo utasaidia, na kwamba bila kulinganisha tusingejua mpaka leo. Ni jibu la haki. Lakini waliouandika mchezo ule waliamini kwamba waweza kuokoa mtu, la sivyo wasingeuandika.

Tulilizungumza jambo hili baada ya ibada, wazee watatu. Wawili waliona ilikuwa halali kusubiri. Wa tatu alikataa kabisa, naye ana jamaa zake Dodoma.