Kinga na Kidole

Kinga ni kuzuia maradhi kabla hayajaingia mwilini. Ulemavu ni upungufu wa mwili unapokutana na mazingira yasiyoujali. Maana hizo zinatosha. Ugumu uko kati yake: je, jamii inaweza kupiga vita chanzo cha ulemavu bila kumpiga mwenye nao?

Swali hili huzaliwa kliniki. Muuguzi akiwahimiza kina mama kuchanja, anamnyooshea kidole mtoto wa magongo aliyekaa benchi la mwisho na mzazi wake: mkipuuza matone ya polio, mtapata kama huyu. Mtoto mwenyewe alizaliwa na mgongo wazi. Kadi yake ya kliniki imejaa. Hakuna chanjo aliyoikosa.

Polio huingia kwa kinywa, kwa maji au chakula chenye kinyesi. Wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, lakini takriban mmoja kati ya 200 hupooza asipone. Sindano ya Jonas Salk iliidhinishwa mwaka 1955, matone ya Albert Sabin yakafuata, na mwezi Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio. Kazi hiyo kubwa haipungukiwi hata tone na malalamiko ya mzazi wa mtoto aliyenyooshewa kidole.

Pingamizi linaloudhi kuliko yote husemwa kwa tabasamu la mtu anayedhani amefunga mjadala: kama ulemavu si aibu, mbona mnachanja? Hapo tukio limechanganywa na mtu. Hakuna anayeomba mtoto afiwe, lakini yatima hasimamishwi mbele ya darasa awe onyo la ajali za barabarani. Matuta hujengwa, na aliyegongwa jana hubaki jirani. Edward Roberts wa Marekani alipata polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14, miaka miwili tu kabla ya sindano ya Salk. Aliishi kwa mashine ya kupumulia, akasoma chuo kikuu Berkeley, na mwaka 1972 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha kuwawezesha wenye ulemavu kujitegemea. Chanjo ingemwepusha na mashine ile. Maisha yake hayakuwa makosa. Kauli hizo mbili hukaa pamoja bila kugombana, na anayelazimisha moja ifukuze nyingine hajakaa benchi lile.

Kwamba hofu huwaleta watu kliniki ni kweli. Kwamba vipimo vya kutambua ulemavu mtoto akiwa tumboni huleta swali zito kuliko chanjo, nalo ni kweli, na halijibiwi kwa mfano wa yatima.

Lugha nayo ina lake. Kiwete, kipofu na kiziwi hubeba ki- ya vitu, na wengi huona dharau imeanzia hapo. Ndiyo maana sasa huandikwa “mtu mwenye ulemavu”. Lakini kiongozi na kinyozi wana ki- hiyohiyo, na hajasikika kiongozi aliyelalamika. Tena husemwa kiwete amefika, si kimefika: akianza tu kutenda, sarufi humhesabu mtu. Huenda basi tusi halikuwa kwenye neno, bali kwenye kidole. Au huenda neno ndilo lililokizoesha kidole.

Mlango wa kliniki ile una ngazi tatu, wala hauna njia ya mteremko. Siku ya matone ya mdogo wa mtoto yule, magongo hupitishwa kwanza, kisha mwenyewe hubebwa.